Ubao Uliozaliwa Jalalani

Ingia nyumba ya kale ya mawe, iwe Lamu, Pate au Mji Mkongwe wa Unguja, na utakuta vyumba virefu vilivyo vyembamba. Watu wana maelezo mengi juu ya umbo hilo: faragha, heshima, hewa ya kaskazi na kusi. Yote yana ukweli wake. Lakini sababu ya kwanza iko juu ya kichwa chako, pale darini. Ni boriti. Mti wa mkoko ukibebeshwa dari nzito ya mawe na chokaa hauvuki salama zaidi ya mita 3 hivi, basi na chumba kikaishia hapo. Urefu wa chumba aliuamua mwenye nyumba. Upana uliamuliwa na mti.

Nimeanza na boriti kwa sababu ninachotaka kukisimulia ni kinyume chake: ubao usio na mti wake, ubao uliotengenezwa kwa takataka. Ukienda leo duka la vifaa vya ujenzi utaukuta kwa majina mengi. Kuna hadibodi za dari, chipbodi za makabati, MDF za milango, na siku hizi mbao za plastiki zilizochorwa mistari ili zifanane na mninga. Muuzaji atakwambia, "Hii ni rafiki wa mazingira, inaokoa misitu." Huenda ni kweli. Ila ukiifuatilia historia yake unagundua jambo: ubao wa takataka haukuzaliwa kwa kuuhurumia msitu. Ulizaliwa kwa sababu kulikuwa na lundo la mabaki mlangoni kwa mtu, na mtu huyo akatafuta namna ya kuliuza. Sifa ya kuokoa misitu ilikuja baadaye. Na karibu kila kizazi cha mbao hizi kilisahau kuuliza swali moja lilelile. Tutalifikia.

Kwanza tukubaliane kwamba wazo la kuchanganya si geni kwetu. Nyumba ya udongo ni nini kama si mchanganyiko? Fito zinashika, udongo unajaza, na kila kimoja kinafidia udhaifu wa mwenzake. Injinia wa leo angeiita kompoziti na kuichorea michoro. Ukuta wa Lamu nao ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Hata kutumia kitu mara ya pili tulikujua zamani: boriti nzima iliyotoka kwenye nyumba iliyoanguka haikutupwa, ilipata nyumba nyingine.

Wakataji wa mikoko walikuwa na msamiati kamili wa kazi yao: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kila jina na unene wake. Na miti hiyo ilisafiri. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yaliteremka na kaskazi, yakapakia Lamu na Rufiji, yakarudi na kusi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, nchi ambazo miti ya kujengea ni adimu. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, likaingia hadi delta ya Rufiji kupakia boriti. Safari hiyo ndiyo kitabu chake cha Sons of Sindbad kilichotoka 1940. Vyumba vya kale vya Kuwait navyo vikawa vyembamba kwa sababu ileile ya vyumba vya Lamu. Mkoko wa Rufiji ulimpimia chumba mtu ambaye hajawahi kuiona Rufiji.

Huo ulikuwa ujenzi ambao mti ndio unaotoa kipimo. Sasa tuvuke bahari, twende Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ambako kipimo hicho kilianza kuvunjwa. Huko viwanda vilikuwa vikubwa, na kiwanda kikubwa huzaa lundo kubwa.

Lundo la kwanza lilikuwa la karatasi. Mwaka 1909, katika jimbo la New Jersey, mfanyabiashara Eugenius Outerbridge alianzisha kampuni iliyotengeneza mbao kutokana na karatasi chakavu. Baadaye kampuni hiyo ilijulikana kwa jina la ubao wake maarufu, Homasote. Kazi yenyewe haikuwa na uchawi: magazeti yaliyokwisha somwa yanalowekwa, yanasagwa hadi kuwa uji, uji unakamuliwa maji, unagandamizwa, unakaushwa. Kwa sisi wapenzi wa maandishi, hapa pana mzaha mtamu. Habari za jana, harusi na misiba, bei za pamba, hotuba za wanasiasa, vyote vinakuwa ukuta, na anayeishi ndani yake hajui amezungukwa na maneno gani.

Lundo la pili lilikuwa la miwa. Katika miaka ya 1920, huko Louisiana, kampuni ya Celotex ilianza kuchukua makapi yanayobaki baada ya muwa kukamuliwa na kuyageuza kuwa mbao nyepesi za kuzuia joto na kelele. Wenye viwanda vya sukari walikuwa wakiyachoma makapi hayo. Ghafla yakawa na mnunuzi.

Lundo la tatu ndilo lililobadilisha mambo. Mji wa Laurel, Mississippi, uliishi kwa kupasua misonobari, na kila siku viwanda vyake viliacha vipande na vumbi la mbao visivyo na kazi. William Mason, ambaye zamani alifanya kazi na Thomas Edison, aliona kwamba huo ni utajiri unaochomwa moto. Mwaka 1924 alijaribu kuvijaza vipande hivyo ndani ya chombo cha chuma, akaingiza mvuke wa shinikizo kubwa, kisha akaufungulia kwa ghafla. Vipande vililipuka vikawa nyuzi laini kama sufi. Alikusudia kupata ubao mwepesi wa kuzuia joto. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba siku moja alikwenda kula chakula cha mchana akiwa ameacha nyuzi zenye maji ndani ya kikandamizo, na vali mbovu ikaendelea kuvujisha mvuke wa moto. Aliporudi alikuta ubao mwembamba, mgumu, uliong'aa. Huo ndio ukawa Masonite, mama wa hadibodi zote.

Cha ajabu ni kwamba ubao ule haukuhitaji gundi. Mti una gundi yake mwenyewe, lignini, inayoshikilia nyuzi zake tangu ulipoota. Joto na mgandamizo viliilainisha, ikashika upya. Kwa maneno mengine, Mason aliuvunja mti kisha akauruhusu ujiunge tena, safari hii kwa umbo alilolitaka yeye.

Na umbo alilolitaka ni lipi? Hapa ndipo penye mapinduzi yenyewe. Ubao wa aina hii haujali mti ulikuwa mnene au mwembamba, ulinyooka au ulipinda. Unatoka kwa ukubwa wa mashine. Ukubwa uliokuja kutawala ni futi 4 kwa futi 8, na mpaka leo, ukimwendea fundi seremala Dar es Salaam au Mombasa, atakupigia hesabu ya "nne kwa nane" bila kufikiri. Kile ambacho zamani kiliamuliwa na mkoko sasa kinaamuliwa na sahani mbili za chuma kiwandani.

Ujerumani ilikuwa na msukumo tofauti kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 injinia kijana aliyeitwa Max Himmelheber alikerwa na hesabu moja: katika kila mti uliokatwa kwa ajili ya samani, sehemu kubwa iliishia kuwa maranda, matawi na kuni. Akapata hataza ya ubao wa vipande vidogo vilivyounganishwa kwa gundi ya viwandani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nchi ikiwa na uhaba wa kila kitu, kiwanda cha Bremen kilianza kuutengeneza. Baada ya vita miji ilikuwa magofu, mamilioni ya watu walihitaji makabati na vitanda, na chipbodi ikaenea dunia nzima.

Ila jambo linalonivutia zaidi kuhusu Himmelheber lilikuja baadaye. Mwaka 1971 mtu huyuhuyu alishirikiana na Friedrich Georg Jünger, mshairi na mkosoaji mkali wa ibada ya teknolojia, kuanzisha jarida lililoitwa Scheidewege, maana yake njia panda. Jarida lilijitangaza kuwa la fikra zenye shaka. Hebu fikiria: baba wa chipbodi, ubao uliojaza viwanda vya samani dunia nzima, uzeeni anagharamia na kuhariri jarida la kuhoji kama maendeleo ya mashine yanatupeleka kuzuri. Wengine wangeona mgongano. Mimi naona mtu aliyelielewa lundo kuliko wenzake. Alijua kwamba kuokoa mabaki ya mti ni jambo jema, na akajua pia kwamba wema huo unaweza kuzaa njaa mpya. Ubao ukiwa rahisi, watu hawanunui uleule waliokuwa wakinunua. Wananunua zaidi, na wanatupa zaidi.

Tofauti ya Mason na Himmelheber ilikuwa gundi, na gundi hiyo ilikuja na bei yake. Gundi za bei nafuu za chipbodi, plaiwudi na MDF hutengenezwa kwa formaldehidi, na gesi hiyo huendelea kutoka kidogokidogo ndani ya nyumba. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliitangaza kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka uliofuata kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini ya Marekani, na serikali ikagawa nyumba za trela kwa waliopoteza makazi. Kuta na makabati yake yalikuwa ya mbao za aina hii, na vyumba vilikuwa vidogo, vyenye hewa haba. Watu wakaanza kulalamika: macho yanawasha, watoto wanakohoa. Mwaka 2008 vipimo vya serikali vilionyesha kweli hewa ya trela nyingi ilikuwa na formaldehidi nyingi kuliko kawaida, na mwaka 2010 ikapitishwa sheria ya kuweka ukomo wa gesi hiyo kwenye mbao za mchanganyiko. Waliolipia somo hilo ni wale ambao tayari walikuwa wamepoteza kila kitu.

Na kuna ndugu mmoja wa mbao hizi ambaye hadithi yake inatisha zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria alichanganya saruji na nyuzi za asbesto, akapata bati jepesi lisiloshika moto, lisilooza, lisiloliwa na mchwa. Akaliita Eternit, kutokana na neno la Kilatini la umilele. Kwa mwenye nyumba aliyechoshwa na vigae vya mbao vinavyooza, ilikuwa zawadi. Leo tunajua nyuzi zile zikivutwa puani hukaa mapafuni, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 30 au 40. Nyumba za zamani zenye mapaa hayo bado zipo Afrika Mashariki, na kuyashusha ni kazi ya hatari kuliko kuyapandisha. Umilele ulikuwa kweli, ila si kama ulivyoahidiwa.

Sasa tufike kwenye plastiki, lundo la zama zetu. Mwishoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na mifuko mingi ya plastiki na vumbi jingi la mbao, vyote vikitafuta pa kwenda. Watu waliokuwa kampuni ya mafuta ya Mobil waliichukua biashara ya kuchanganya vitu hivyo viwili, na mwaka 1996 ikasimama yenyewe kwa jina la Trex, huko Virginia. Plastiki inayeyushwa, vumbi linachanganywa humo, uji unasukumwa kupitia tundu lenye umbo la ubao. Ukawa ubao wa baraza na sakafu za nje, usiohitaji rangi. Ulisaidiwa na jambo jingine: mbao za kawaida za nje zilikuwa zikitiwa dawa yenye aseniki, na baada ya mwaka 2003 dawa hiyo iliondolewa kwenye matumizi mengi ya majumbani huko Marekani.

Afrika Mashariki tuliingia kwa mlango wetu. Mwaka 2009 Lorna Rutto alianzisha EcoPost jijini Nairobi, kugeuza plastiki chakavu kuwa nguzo za uzio. Ukichagua nguzo umechagua vizuri, kwa sababu nguzo ya mti huliwa na mchwa na kuoza pale inapokutana na udongo, mahali ambapo plastiki haina wasiwasi. Rwanda ilikwisha piga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Lakini sheria inazuia mfuko wa kesho. Wa jana uko mtaroni, na unamsubiri mtu mwenye mashine.

Turudi Lamu, maana huko mwaka 2018 mambo mawili yalikutana. Kenya ilikwisha zuia kuuza boriti za mikoko nje ya nchi tangu 1982, na biashara ya majahazi ya Ghuba ikazimika. Bado watu waliishi kwa kukata kwa ajili ya soko la ndani. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo, na wakataji wa Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wakajikuta hawana kazi. Septemba mwaka huohuo, kisiwani humohumo, likashushwa majini jahazi la Flipflopi: mita 9, lililojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki chakavu na kuvikwa ndala zilizookotwa ufukweni. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na hiki kiliundwa na mafundi wa Lamu chini ya Ali Skanda, kwa ufundi uleule wa majahazi ya mbao.

Dunia ililipenda jahazi lile, na lilistahili. Ila ukiyaweka matukio hayo mawili kwenye ukurasa mmoja, unapata swali zito. Mkono mmoja ulimwambia mkata mikoko aache shoka. Mkono mwingine ulionyesha kwamba ubao unaweza kutoka ufukweni badala ya msituni. Kati ya mikono hiyo miwili hapakuwa na daraja. Jahazi moja la maonyesho haliajiri wakataji wa kaunti nzima, wala halijengi nyumba ya mtu. Mikoko ni mazalia ya samaki na ngao ya pwani, kuilinda ni wajibu. Lakini ulinzi usiomtazama anayeishi kwa mti huo unamgeuza kuwa mwizi wa mti wa babu zake.

Pia tuambiane ukweli kuhusu ubao wenyewe. Plastiki haina ugumu wa mti. Ukiilaza boriti ya plastiki tupu juu ya chumba na kuibebesha dari ya mawe, italegea na kupinda polepole, mwaka hadi mwaka, hata bila kuvunjika. Jua huitanua kuliko mti. Moto huiyeyusha na kuipa moshi mbaya. Kwa hiyo mahali pake ni kwenye uzio, sakafu ya nje, vifuniko vya ukuta, madawati. Boriti ya kubeba mzigo ni habari nyingine, inahitaji nyuzi za kioo au chuma ndani yake. Anayekuuzia ubao mmoja kwa kazi zote anakuuzia umilele wa Hatschek kwa jina jipya.

Na sasa lile swali. Mason aliuliza afanye nini na vipande vya misonobari. Himmelheber aliuliza afanye nini na maranda. Watu wa plastiki waliuliza wafanye nini na mifuko. Wote waliuliza takataka inaweza kuwa ubao gani. Swali lililoachwa ni hili: ubao huu nao ukichakaa, utakuwa takataka gani?

Majibu hayafanani, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa mkali. Hadibodi ya mtindo wa Mason, isiyo na gundi, imekaribia kuwa mti, itaoza. Chipbodi yenye gundi haifai kuchomwa jikoni wala kutupwa shambani. Ubao wa plastiki ya aina moja, iliyochambuliwa vizuri, unaweza kuyeyushwa tena kuwa ubao mwingine, iwapo yupo mtu wa kuurudishia. Ubao wa plastiki iliyoshikana na vumbi la mbao hautenganishiki: plastiki imezuia mti usioze, na mti umezuia plastiki isirudi kuwa plastiki safi. Na fundi anapoupiga randa ubao wa plastiki, maranda yake hayawi mbolea. Yanabaki uani, kisha mvua inayapeleka baharini, kulekule ndala zilikookotwa.

Kwa hiyo ukiambiwa ubao fulani unaokoa misitu, usibishane, huenda unaokoa. Uliza mambo matatu: umeshikanishwa na nini, unaweza kubeba nini, na siku ukichoka nani atauchukua. Boriti ya mkoko ingejibu yote bila karatasi ya maelezo. Ilishikanishwa na maumbile yake, ilibeba mita zake 3, na ilipochoka ililiwa na mchwa, huku kule mtoni mche mwingine ukiwa umeshaota. Tuliuita ubovu, na tukautafutia dawa kwa miaka 100. Kumbe ubovu ule ndio uliotufanya tujenge kwa karne nyingi bila kuwaachia wajukuu lundo la kufukua.